Kamera inaelea uwanjani, nyuma inaburuta kebo: Kwa nini?

Ukitazama mechi kubwa kwenye televisheni, kuna picha moja huwezi kuikosa. Wachezaji wanatoka kwenye njia ya kuingilia uwanjani. Kamera iko mbele yao, inarudi kinyumenyume, inapita pembeni ya nahodha, inamzunguka, kisha inaonyesha majukwaa yote. Mpiga picha anatembea, wakati mwingine anakimbia kabisa, lakini picha haitikisiki. Inaelea tu.

Sasa subiri kamera nyingine imnase mpiga picha huyo. Utaona amevaa kitu kama fulana ya kuzuia risasi. Mbele yake kuna mkono wa chuma wenye springi uliobeba kamera. Na hatua chache nyuma yake kuna mtu mwingine, kainama, anavuta na kuachia waya.

Wengi hujiuliza: zama hizi za Wi-Fi na 5G, waya wa nini tena?

Jibu fupi ni kwamba picha ya laivu ni nzito mno na haina nafasi ya kurudiwa. Waya ule ni faiba, ndugu wa ile inayoingiza intaneti nyumbani na ofisini. Lakini kuifunga faiba kwenye kamera ambayo haitakiwi kuguswa na kitu chochote ni kazi yenye ufundi wake, na ikikosewa kidogo watazamaji wote wanaona.

Kamera iliyoachanishwa na mwili

Kifaa cha kwanza cha aina hii kinaitwa Steadicam. Kilibuniwa na Mmarekani Garrett Brown katika miaka ya 1970. Kabla yake, mtu aliyetaka picha laini inayotembea alilazimika kutandika reli chini na kusukuma kamera juu ya kitoroli. Mahali pasipotandikika reli, kwa mfano kwenye ngazi, kazi ilikuwa ngumu.

Steadicam ilionekana kwenye filamu ya Bound for Glory ya mwaka 1976, na mwaka huohuo kwenye Rocky, ambapo bondia anapanda mbio ngazi za jumba la makumbusho la sanaa la Philadelphia. Mwaka 1978 ubunifu huo ulipewa tuzo ya Oscar ya kitaalamu. Mwaka 1980 Stanley Kubrick aliutumia sana kwenye The Shining.

Kifaa kina sehemu tatu. Ya kwanza ni fulana inayohamishia uzito kwenye kiuno na mgongo. Ya pili ni mkono wenye springi unaomeza mtikisiko wa hatua. Ya tatu ni nguzo: juu kuna kamera, chini kuna betri na skrini, na karibu na katikati kuna kiungio kinachozunguka pande zote, kiitwacho gimbali. Ukijumlisha vyote, mzigo unaweza kufika kilo 30 au zaidi.

Siri iko kwenye nguzo. Fikiria mtu aliyebeba mzega wa madumu mawili ya maji. Ukijaribu kumgeuza ghafla, mzega unakataa, kwa sababu uzito uko mbali na katikati. Steadicam hutumia kanuni hiyohiyo. Kamera juu na betri chini ni madumu mawili, na gimbali ndilo bega.

Mpiga picha huisawazisha nguzo hadi upande wa chini uwe mzito kwa kiasi kidogo sana. Kuna jaribio linalojulikana na wote wenye kazi hii: unailaza nguzo, unaiachia, halafu unahesabu. Ikichukua kama sekunde 2 hadi 4 kushuka hadi kusimama wima, mizani imekaa vizuri. Ikishuka haraka kuliko hapo, itabembea kama pendulo kila mpiga picha anapoanza kutembea au kusimama.

Hapo ndipo tatizo linapoanza. Kitu kilichosawazishwa kwa umakini huo hugeuzwa na ncha ya kidole. Kwa hiyo hugeuzwa pia na waya.

Waya mmoja unavyoharibu picha

Kebo yoyote ina mambo matatu: uzito, ugumu, na tabia ya kutaka kurudi kwenye umbo ililokunjwa nalo. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye kamera na kuiacha ining'inie, uzito wake unavuta upande mmoja. Mpiga picha akigeuka kulia, kebo inasukuma kushoto. Akisimama, kebo bado inabembea na kamera inabembea nayo.

Kwenye skrini matokeo yake ni upeo wa macho ulioinama. Goli linaonekana limelala upande, au jukwaa linapanda na kushuka kama mashua.

Vifaa vidogo vyenye mota, vile ambavyo watu hufunga simu na kamera ndogo, navyo vinaitwa gimbali, na navyo vina shida hiyohiyo kwa sura nyingine. Mota inapambana na mvuto wa waya muda wote. Betri inaisha mapema, kamera inaanza kuhama polepole bila kuamrishwa, na mvuto ukizidi nguvu za mota kifaa kinazimika.

Kwa hiyo swali la mafundi lina pande mbili. Picha itatokaje kwenye kamera bila kupungua ubora? Na itatokaje bila kamera kuhisi kwamba kuna kitu kimeishika?

Kwa nini shaba inashindwa

Kwa miaka mingi kamera za televisheni ziliunganishwa na gari la matangazo kwa kebo nene za shaba. Zilifanya kazi. Lakini picha zimeendelea kuwa nzito.

Picha ya HD ya kawaida, ikisafirishwa bila kubanwa, hubeba takriban gigabiti 1.5 kila sekunde. Picha ya 4K yenye fremu 60 kwa sekunde hukaribia gigabiti 12. Kama nyumbani una kifurushi cha megabiti 20 kwa sekunde, kamera moja ya 4K inahitaji njia yenye upana mara 600 ya hiyo.

Shaba inaweza kubeba mzigo huo, ila kwa umbali mfupi. Kadiri data inavyoongezeka, ndivyo mawimbi yanavyofifia mapema ndani ya waya. Kutoka kona ya uwanja hadi gari lililoegeshwa nje ya geti, umbali wa kufuata njia za kebo unaweza kupita mita 300 kirahisi. Kwa 4K, shaba ya kawaida imeshachoka kabla ya hapo.

Tena, picha haiendi peke yake. Mpiga picha anahitaji kumsikia mwongozaji masikioni. Anahitaji taa nyekundu inayomjulisha kuwa yuko hewani. Anahitaji kuona picha inayorudi kutoka garini. Fundi aliyeko garini naye anataka kurekebisha mwanga na rangi za kamera akiwa mbali. Ukitumia waya wa shaba kwa kila kitu, unapata fungu zito la nyaya, na fungu hilo halifai kufungwa kwenye kamera inayotakiwa kuelea.

Uzi mwembamba kama unywele

Faiba inaondoa matatizo hayo kwa pamoja, kwa sababu haitumii umeme kubeba habari. Inatumia mwanga.

Ndani ya kebo kuna uzi wa kioo safi wenye unene wa maikroni 125, yaani milimita 0.125, karibu sawa na unywele mnene. Katikati ya uzi huo kuna kiini chenye upana wa takriban maikroni 9 tu, na humo ndimo mwanga wa leza unamopita. Kioo cha kiini na kioo kinachokizunguka vimetofautishwa kidogo ili mwanga usitoke nje. Unabaki ndani, hata uzi ukipinda.

Mwanga ndani ya kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwenye kebo ya mita 500 picha inafika kwa muda mfupi kuliko sehemu moja ya mia elfu ya sekunde. Na kwa kutumia mwanga wa urefu tofauti wa mawimbi, kwa mfano nanomita 1310 kwa upande mmoja na 1550 kwa upande wa pili, uzi huohuo mmoja unaweza kupeleka picha garini na kurudisha sauti, picha na maagizo kwa mpiga picha.

Msingi wa kisayansi wa teknolojia hii uliwekwa mwaka 1966 na Charles Kao, aliyeonyesha kuwa kioo safi vya kutosha kingeweza kubeba mawasiliano kwa umbali mrefu. Mwaka 1970 watafiti wa kampuni ya Corning ya Marekani walifanikiwa kutengeneza uzi wa namna hiyo. Kao alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2009, mwaka uleule ambao kebo za baharini za SEACOM na TEAMS zilitua Mombasa na neno "faiba" likaanza kuzoeleka mitaani.

Kioo kina faida nyingine: hakipitishi umeme. Hakivuti kelele kutoka kwenye nyaya za taa za uwanja au jenereta lililo karibu. Na pale ambapo kebo ni ya kioo kitupu, radi au hitilafu ya umeme upande mmoja haina njia ya kumfikia mpiga picha upande wa pili.

Basi umeme unatoka wapi?

Hapa kuna kasoro ambayo huja mara moja akilini: kama kioo hakipitishi umeme, kamera itawakaje?

Kwa kamera za kawaida za uwanjani, zile zilizosimama kwenye miguu mitatu, jibu ni kebo mseto. Kiwango kinachotumika sana ni SMPTE 311M. Ndani yake kuna nyuzi mbili za kioo, nyaya nne za shaba za umeme, nyingine mbili za ziada kwa ajili ya udhibiti, na uzi wa chuma wa kuipa nguvu. Vyote vimefungwa kwenye ganda lenye unene wa milimita 9.2, nene kuliko penseli. Kamera inapata umeme na kutuma picha kwa kebo moja.

Kebo hiyo ni imara na imezoeleka, lakini kwa kamera inayoelea ni nzito na ngumu.

Ila Steadicam ina bahati moja. Inahitaji betri hata hivyo. Betri iliyo chini ya nguzo ndiyo dumu la pili la ule mzega. Ukiitoa, mizani inakufa. Kwa kuwa umeme tayari upo kwenye kifaa chenyewe, kebo inaweza kubaki na kioo peke yake. Ndiyo maana wapiga picha wengi hufunga kisanduku kidogo nyuma ya kamera kinachogeuza ishara za umeme kuwa mwanga, kisha hutoa waya mmoja mwembamba usiozidi sana unene wa waya wa chaja ya simu. Ndani ya ganda lake kuna nyuzi za aramidi, jamii ya Kevlar, ili waya uhimili kuvutwa bila mzigo kufika kwenye kioo.

Gharama yake ni kubadilisha betri. Lazima mtu apange lini betri itabadilishwa: wakati wa mapumziko, wakati wa tangazo, au pale mwongozaji anapotumia kamera nyingine. Betri ikiisha katikati ya goli hakuna wa kumlaumu ila ratiba.

Njia ya kebo kwenye mwili

Kuwa na waya mwembamba hakutoshi. Swali linalofuata ni unapita wapi.

Fikiria mlango. Ukiusukuma karibu na bawaba, hauendi kirahisi. Ukiusukuma karibu na kitasa, kidole kimoja kinatosha. Kwenye Steadicam, gimbali ndiyo bawaba. Waya ukitokea juu kabisa kwenye kamera, uko kwenye kitasa, na mvuto mdogo unageuza kila kitu. Ukishushwa kando ya nguzo hadi karibu na gimbali kisha ukaachia hapo, mvuto uleule haufanyi chochote cha maana.

Kutoka hapo waya unaachiwa kitanzi kidogo kilicholegea, unaingia kwenye mkono wa springi, unafuata mkono hadi kwenye fulana, kisha unapita mgongoni. Mgongoni au kiunoni ndipo unapofungwa kwa nguvu.

Kufunga huko ndiyo hatua muhimu kuliko zote. Kuanzia hapo kurudi nyuma, kebo inaweza kuwa nzito, inaweza kukanyagwa, inaweza kuvutwa ghafla. Anayeupokea mvuto ni mwili wa binadamu, siyo kamera. Wengine huweka kiunganishi hapohapo kiunoni: nyuma yake inakuja kebo nene na imara, mbele yake inaendelea faiba nyembamba na laini.

Kitanzi nacho kina kipimo. Kikiwa kifupi, kinakaza mpiga picha anaponyoosha mkono. Kikiwa kirefu, kinanaswa na goti au skrini. Ndiyo maana kabla ya matangazo mpiga picha huonekana akizungukazunguka peke yake kama anacheza ngoma. Anajaribu kitanzi chake: juu kabisa, chini kabisa, kushoto, kulia.

Mtu wa nyuma

Hakuna kifaa kinachofanya kazi ya yule aliyeinama nyuma. Msaidizi wa kebo ndiye anayeamua kama kamera iko huru au imefungwa.

Kazi yake inaonekana rahisi. Anaachia kebo mpiga picha anaposonga mbele, anaikusanya anaporudi, na kila wakati anaacha ulegevu kidogo kati yao. Anaangalia mchezaji asijikwae, mpira usinaswe, mwamuzi wa pembeni asizuiwe. Anaushika mkanda wa nyuma wa fulana mpiga picha anapotembea kinyumenyume, kwa sababu macho ya mpiga picha yako kwenye skrini na hawezi kujua kuna ngazi, tangazo la pembeni au mtoto wa kuokota mipira.

Hatari hiyo si ya kubuni. Agosti 27, 2015 jijini Beijing, mara tu baada ya Usain Bolt kushinda mbio za mita 200 za ubingwa wa dunia, mpiga picha aliyekuwa akimfuata juu ya Segway, chombo cha magurudumu mawili, aligonga reli ya kamera iliyokuwa pembeni ya njia. Alianguka na kumpiga Bolt miguuni kutoka nyuma, akamwangusha. Bolt aliinuka na kuendelea kushangilia, lakini dunia nzima iliona jinsi mtu anayetazama skrini asivyoona njia anayopita.

Msaidizi mzuri pia anajua kukunja kebo. Faiba haikunjwi kwa kuizungusha kwenye kiwiko kama kamba ya mbuzi, kwa sababu kila mzunguko unaisokota. Inalazwa chini kwa umbo la namba nane, ili msokoto wa upande mmoja uondolewe na wa upande wa pili. Siku ya kazi inafunguka bila mafundo.

Na haipindwi kwa kona kali. Kanuni ya jumla ya mafundi ni kwamba kebo iliyotulia isipindwe kwenye duara lenye nusu kipenyo pungufu ya mara 10 ya unene wake, na inayovutwa isipungue mara 20. Kwa kebo ya milimita 9.2, hiyo ni kama sentimita 9 ikiwa imelala na sentimita 18 ikiwa inavutwa. Ikizidi hapo mwanga unaanza kuvuja, au kioo kinapasuka ndani huku ganda likionekana zima kabisa.

Si ajabu, basi, kwamba vijana wengi wa kamera huanzia kwenye kebo. Anayevuta waya mechi kumi anajifunza mpiga picha atageukia wapi kabla hajageuka.

Adui mkubwa ni vumbi

Kiini cha faiba kina upana wa maikroni 9. Chembe ya vumbi usiyoweza hata kuiona kwa macho inaweza kuziba sehemu kubwa yake. Katika viwanja vyenye vumbi au matope, hapa ndipo mambo mengi huharibikia.

Hesabu yenyewe inashangaza. Kwa mwanga wa nanomita 1310, kilomita nzima ya kioo hupoteza takriban desibeli 0.35. Plagi moja chafu inaweza kupoteza zaidi ya hapo peke yake. Yaani, mwanga unaweza kuvuka mtaa mzima bila shida, kisha ukafia kwenye uchafu wa kidole.

Mafundi wana utaratibu wao: kagua, safisha, kagua tena, ndipo uunganishe. Kusafisha hufanywa kwa kalamu maalumu ya kusafishia au kitambaa kisichoacha nyuzi pamoja na spiriti safi ya isopropili. Kufuta kwa shati au kupuliza kwa mdomo hapana. Pumzi ina unyevu na shati lina mafuta. Kifuniko kirudi kwenye plagi mara tu inapochomolewa, na kifuniko chenyewe kisiachwe kwenye nyasi.

Kwa mazingira magumu zaidi zipo plagi zenye lenzi ndogo zinazotanua mwanga kabla haujavuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Njia ikiwa pana, chembe moja ya vumbi haizibi sana.

Onyo moja la lazima: usichungulie ndani ya faiba kuona kama inawaka. Mwanga wa leza unaotumika hauonekani kwa macho ya binadamu, lakini unaweza kuyaumiza. Kama unataka kujua waya umekatika wapi, kuna kifaa cha mkononi kinachotuma mwanga mwekundu. Kwenye waya wenye ganda jembamba, mahali palipopasuka huonekana pakiwaka. Kiasi cha mwanga unaofika hupimwa kwa mita yake.

Kwa nini isiwe bila waya tu?

Kamera zisizo na waya zipo na zinatumika sana, hasa pale mpiga picha anapolazimika kuingia katikati ya wachezaji wakishangilia. Kuna mahali waya hauwezekani.

Lakini zina bei yake. Picha lazima ibanwe ili itoshe kwenye masafa ya redio, na kubanwa kunaleta ucheleweshaji. Mwongozaji akihama kutoka kamera ya waya kwenda isiyo na waya, lazima mafundi wawe wamelinganisha muda, la sivyo sauti na midomo havikutani. Uwanja uliojaa vyuma, zege na maelfu ya simu ni mahali pagumu kwa mawimbi. Na masafa yenyewe hayatumiki kiholela. Tanzania yanasimamiwa na TCRA, Kenya na Mamlaka ya Mawasiliano.

Kuna jambo lingine ambalo watazamaji hawalioni: kwenye viwanja vikubwa, antena zinazopokea picha za kamera hizo mara nyingi huunganishwa na gari la matangazo kwa faiba. Kwa hiyo hata "bila waya" hufika mahali ikapanda waya.

Uamuzi, basi, hutegemea kazi. Kamera inayofuata njia inayojulikana, kwa mfano pembeni mwa uwanja au mbele ya jukwaa la muziki, inafaidika na faiba. Inayolazimika kukimbilia popote inahitaji redio. Matangazo makubwa huwa na zote mbili.

Filamu ya pigo moja

Ushahidi mzuri wa nguvu ya kamera inayoelea huku imefungwa kwa waya uko Urusi. Desemba 23, 2001, ndani ya jumba la makumbusho la Hermitage mjini St. Petersburg, Mjerumani Tilman Büttner alivaa Steadicam na kupiga filamu nzima ya Russian Ark ya mwongozaji Alexander Sokurov bila kukata hata mara moja, kwa takriban saa moja na nusu.

Kanda za kamera za wakati ule hazikuweza kubeba muda huo mfululizo. Suluhisho lilikuwa kutoa picha kwenye kamera kwa waya na kuihifadhi bila kubanwa kwenye diski kuu iliyobebwa pembeni, ikitembea naye ukumbi kwa ukumbi. Majaribio matatu ya kwanza yalikatishwa kwa hitilafu. La nne likafanikiwa, huku mchana mfupi wa baridi ukielekea kuisha.

Haikuwa matangazo ya laivu, lakini sharti lilikuwa lilelile: waya upite, data yote ifike, na kamera isihisi.

Kwa wapiga picha wa sherehe na ibada

Afrika Mashariki, mahitaji haya hayako viwanjani tu. Agosti 2025 Tanzania, Kenya na Uganda ziliandaa pamoja michuano ya CHAN, na nchi hizohizo zimepewa kuandaa AFCON ya mwaka 2027. Lakini kazi nyingi za kamera ziko kwenye harusi, makongamano na ibada zinazorushwa moja kwa moja mtandaoni.

Huko kosa la kawaida ni kufunga kamera kwenye gimbali ya mota na kuunganisha kebo ndefu ya HDMI ya shaba. Ikipita kama mita 10 hadi 15, picha huanza kukatika. Na hata ikiwa fupi, kebo ni nzito na mota zinahangaika.

Njia mbili hutumika kuondoa tatizo. Ya kwanza ni kebo ya HDMI ya faiba, ambayo ni nyembamba na inaenda mbali. Iangaliwe kabla ya kufungwa, kwa sababu nyingi zina upande mmoja wa kamera na mwingine wa skrini. Ukizigeuza hakuna picha. Ya pili ni kisanduku cha kugeuza ishara kuwa mwanga kwenye kamera na kingine upande wa kompyuta, katikati uzi mmoja wa faiba.

Kwa vyovyote vile, mambo matano yanafanana na ya uwanjani:

- Sawazisha gimbali ukiwa umeshachomeka waya, siyo kabla.
- Toa waya karibu na katikati ya kifaa, siyo juu ya kamera.
- Funga waya kwenye mkanda wako kiunoni kabla haujafika chini.
- Beba waya wa akiba uliokwisha jaribiwa, kwa sababu faiba iliyopasuka haiungwi ukumbini kwa mkasi na utepe.
- Tafuta mtu wa kushika kebo, na umlipe kama sehemu ya kazi.

Hilo la mwisho ndilo hurukwa mara nyingi bajeti ikibanwa. Bibi harusi anaingia, mpiga picha anarudi nyuma peke yake, mgeni anakanyaga waya, na picha inakwenda pembeni wakati ule usiorudiwa. Vifaa vilikuwa sawa. Kilichokosekana ni mtu wa nyuma.